Je, Wenye Magari ya Fowili Wawe na Leseni ya Pekee?

Na Mwalimu wa Fizikia

Katika kata ya Kemambo, na katika eneo zima la Nyamongo, haipiti siku bila kuonekana magari marefu yenye matairi makubwa, yakipita kwa kishindo na kuacha vumbi nyuma yake. Mengine ni ya mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza uzalishaji wake mwaka 2002. Mengine ni ya Serikali, ya polisi, ya hospitali na ya wafanyabiashara. Ng'ambo ya Mto Mara, katika wilaya ya Serengeti, yako tena yale yanayowapeleka wageni kutazama wanyama. Mvua za masika zikinyesha na barabara za udongo zikigeuka tope, magari hayo ndiyo yanayoendelea na safari wakati magari madogo yamekwama. Mama mjamzito aliyezidiwa usiku, au mgonjwa wa kupelekwa Tarime, hulitegemea gari la namna hiyo.

Lakini barabara zizo hizo ndizo wanazopita wanafunzi kwa miguu asubuhi na jioni, na akina mama wenye ndoo vichwani, na wachungaji na ng'ombe wao. Kwa sababu hiyo watu wengine husema kwamba kila mwenye gari la fowili hana budi kuwa na leseni ya pekee, mbali na leseni ya kawaida. Wengine hujibu kwamba hayo ni kuwasumbua watu bure. Katika makala haya nitaeleza jinsi magari hayo yanavyofanya kazi, hatari zake ni zipi, na sheria yetu yasemaje. Kisha nitatoa maoni yangu. Hesabu zilizomo humu si ngumu. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za msuguano aweza kuzifuata, naye mzazi asiyependa hesabu aweza kuziruka asipoteze maana.

FOWILI NI NINI?

Katika magari mengi ya kawaida, injini huzungusha magurudumu mawili tu, ama ya mbele ama ya nyuma. Yale mawili yaliyobaki hufuata tu, kama magurudumu ya mkokoteni. Gari la fowili ni lile ambalo injini yaweza kuyazungusha magurudumu yote manne. Katika magari ya kazi, nyuma ya gia za kawaida huwekwa gia nyingine ya kugawa nguvu, ambayo dereva huiamuru kwa kijiti au kwa kitufe. Aweza kuchagua magurudumu mawili, au manne, au manne pamoja na gia ndogo ya nguvu, ambayo hupunguza mwendo na kuzidisha nguvu ya kuvuta.

Magari haya yalipata sifa katika Vita Kuu ya Pili, wakati jeshi la Marekani lilipotumia Jeep. Mwaka 1948, tarehe 30 Aprili, kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha Land Rover kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari huko Amsterdam. Gari hilo lilikusudiwa hasa wakulima. Toyota ya Japani ilianza kutengeneza gari lake la namna hiyo mwaka 1951, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser.

Magari hayo ya kwanza yalikuwa vyombo vya kazi. Yalikwenda polepole, yalitikisika, na yalipiga kelele. Dereva wake alijua wakati wote kwamba ameshika kitu kilicho jirani ya trekta. Gari la fowili la siku hizi ni kitu kingine kabisa. Lina viti laini, hewa baridi na redio, nalo laweza kukimbia kilomita 100 kwa saa bila dereva kusikia upepo. Ubaya wake ni kwamba starehe hiyo humfichia dereva mambo ambayo zamani mtikisiko ulimkumbusha. Mambo hayo ni matatu: kusimama, kupinduka, na kutowaona walio karibu.

KWENDA SI KUSIMAMA

Tuchukue gari lenye kilo 2,000, likiwa katika tope linaloteleza. Uzito wake juu ya ardhi ni kama nyutoni 19,600. Tuseme kiasi cha msuguano kati ya tairi na tope ni 0.2, yaani ardhi yaweza kushika sehemu moja tu katika kila sehemu tano za uzito.

Kama magurudumu yote manne yanasukuma, gari laweza kusukumwa kwa nguvu ya 0.2 mara 19,600, yaani nyutoni 3,920. Kama magurudumu mawili tu ndiyo yanayosukuma, nayo yanabeba nusu ya uzito, nguvu hiyo ni nyutoni 1,960. Basi fowili imeizidisha mara mbili nguvu ya kwenda. Ndiyo maana gari hilo lapita mahali ambapo jingine limekwama.

Sasa tutazame kusimama. Dereva anapokanyaga breki, gari lolote, liwe dogo liwe kubwa, hushikwa breki magurudumu yote manne. Hakuna gari la kawaida linalosimama kwa magurudumu mawili. Kwa hiyo katika tope lile lile, nguvu ya juu kabisa ya kulisimamisha gari letu ni nyutoni 3,920, iwe ni fowili au si fowili. Fowili huongeza nguvu ya kwenda, wala haiongezi nguvu ya kusimama. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili kuliko mengine yote yaliyomo katika makala haya.

Matokeo yake ni haya. Dereva wa gari dogo huonywa na gari lake mwenyewe, kwa maana matairi yakianza kuzunguka bure hujua kwamba njia imekuwa mbaya, naye hupunguza mwendo. Dereva wa fowili hapati onyo hilo. Gari lake lasonga mbele kana kwamba barabara ni kavu, mpaka siku atakapohitaji kusimama ghafla.

Kilima chafundisha zaidi. Kwa hesabu yetu, gari lenye fowili laweza kupanda mteremko wa tope unaoinuka mita moja kwa kila mita tano, lakini kwa shida na bila akiba yoyote. Gari hilo hilo likirudi kushuka mteremko ule, breki zake hazitaweza kulisimamisha, kwa sababu nguvu ya ardhi kulishika ni sawasawa na nguvu ya mteremko kulivuta chini. Dereva aliyefundishwa huingiza gia ndogo kabla ya kushuka, akaiacha injini imzuie, wala hakanyagi breki kwa nguvu. Asiyefundishwa hukanyaga breki, magurudumu yakafunga, na gari likateleza kama sahani.

Mwendo nao wahitaji hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 katika sekunde moja, na sekunde hiyo moja ndiyo dereva huitumia kuona na kuamua. Kisha breki huanza kazi. Katika barabara ya moramu iliyolowa, tukichukua kiasi cha msuguano kuwa 0.3, litahitaji mita 33 zaidi. Jumla ni mita 47. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde moja humaliza mita 22, na breki huhitaji mita 84. Jumla ni mita 106, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Mwendo umeongezeka kidogo kupita nusu yake, bali umbali wa kusimama umezidi maradufu. Fowili haipunguzi hata mita moja katika hesabu hiyo.

GARI REFU HUPINDUKA UPESI

Mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani hageuki ghafla. Hakuna aliyempa darasa la fizikia, lakini ajua kwamba mzigo ulio juu hutaka kuendelea na safari yake wakati miguu imekwisha kugeuka. Gari ni vivyo hivyo.

Ili kujua kama gari laweza kupinduka katika kona, twachukua nusu ya upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, tukaigawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito. Gari dogo lenye upana wa mita 1.5 na kitovu cha uzito katika mita 0.55 hupata 1.36. Gari refu la fowili lenye upana ule ule na kitovu katika mita 0.75 hupata 1.0. Likipakiwa mizigo juu ya paa, na watu wakasimama nyuma, kitovu chaweza kupanda mpaka mita 0.95, na jibu huwa 0.79.

Lami kavu huweza kushika tairi kwa kiasi cha 0.7 au 0.8 hivi. Gari ambalo jibu lake ni kubwa kuliko hapo, likizidishiwa mwendo katika kona, kwa kawaida litateleza kwanza. Gari ambalo jibu lake limeshuka mpaka hapo laweza kupinduka kabla ya kuteleza. Tena likiteleza kando na tairi likagonga jiwe au ukingo wa mtaro, hesabu huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo pikapu lililojaa watu na magunia si gari lile lile lililotoka dukani, ingawa namba zake za usajili ni zile zile.

MTOTO ASIYEONEKANA

Jambo la tatu lawahusu hasa wazazi wenye watoto wadogo. Boneti ya gari refu huficha sehemu ya ardhi iliyo mbele yake. Wanafunzi na wachore picha hii katika daftari. Jicho la dereva liko mita 1.7 juu ya ardhi. Ncha ya boneti iko mita 1.8 mbele ya jicho, na kimo chake ni mita 1.2. Chora mstari kutoka jicho kupitia ncha ya boneti mpaka ardhini. Kwa pembetatu zinazofanana mtaona kwamba mstari huo hugusa ardhi mita 6.1 kutoka kwa dereva, yaani mita 4.3 mbele ya boneti. Kitu chochote kilichoketi chini ndani ya mita hizo dereva hakioni.

Sasa msimamisheni mtoto wa kimo cha sentimita 90. Mstari ule hupita juu ya kichwa chake mpaka awe zaidi ya mita 1.08 mbele ya boneti. Akiwa karibu kuliko hapo amefichika kabisa, ingawa amesimama wima. Katika gari dogo lenye boneti ya kimo cha sentimita 80, kichwa cha mtoto huyo huyo huonekana hata akiligusa gari. Nyuma ya gari hali ni mbaya kuliko mbele, hasa katika pikapu lenye mzigo. Ndiyo sababu dereva mwangalifu hulizunguka gari lake kwa miguu kabla ya kuliondoa, wala hategemei kioo peke yake.

UFUNDI UNAOHITAJI KUFUNDISHWA

Yako pia mambo ambayo mtu hawezi kuyajua kwa kuendesha gari dogo mjini. Katika magari mengi ya kazi, fowili ikiingizwa hufunga shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa. Lakini katika kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika tope hakuna neno, kwa sababu matairi huteleza kidogo na kusawazisha tofauti hiyo. Katika lami kavu hayawezi kuteleza, kwa hiyo vyuma hujibana, usukani huwa mzito, na gia huweza kuvunjika. Dereva asiyejua huiacha fowili imeingia safari nzima akidhani anajiongezea usalama.

Maji nayo ni somo la peke yake. Maji ya kimo cha sentimita 30 yanayokwenda kasi huweza kuliinua na kulisukuma gari dogo, na ya sentimita 60 huweza kuyachukua hata magari mengi makubwa. Injini ikivuta maji ndani, hufa hapo hapo. Vijito vinavyoingia Mto Mara huweza kuwa vikavu asubuhi na kufurika alasiri, kwa mvua iliyonyesha mbali. Dereva aliyefundishwa hushuka, akatazama, akauliza wenyeji, na mara nyingi husubiri. Asiyefundishwa huona jina lililoandikwa ubavuni mwa gari, akaingia.

SHERIA YETU YASEMAJE?

Leseni za udereva katika Tanzania Bara hutolewa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, iliyorekebishwa mara kadhaa. Leseni zimegawanywa katika madaraja. Daraja A, pamoja na matawi yake, ni la pikipiki na jamii yake. Daraja B ni la magari ya kawaida ya binafsi. Daraja C, na matawi yake C1, C2 na C3, ni la magari ya abiria, kwa kadiri ya idadi ya watu wanaobebwa. Daraja D huongeza magari madogo ya biashara, na E magari makubwa ya mizigo. Matrekta na mitambo nayo ina madaraja yake.

Tukitazama mpango huo twaona kwamba sheria hupima ukubwa wa gari na kazi yake. Haiulizi ni magurudumu mangapi yanayosukumwa. Basi mtu aliyejifunza katika gari dogo na kupata daraja B, aweza kesho yake kuketi katika Land Cruiser yake na kushika njia ya Nyamongo kwenda Mugumu wakati wa masika, naye hajavunja sheria yoyote.

HOJA ZA WANAOTAKA LESENI YA PEKEE

Wanaotaka leseni hiyo wana hoja nzuri. Husema kwamba kugawa madaraja si jambo geni, maana mwenye pikipiki hupimwa kwa pikipiki, na dereva wa basi hupimwa kwa basi. Kama sheria imekubali kwamba chombo tofauti chahitaji ujuzi tofauti, kwa nini iishie hapo? Huongeza kwamba waajiri wenyewe wamekwisha kukubali jambo hili. Ni desturi ya migodi mikubwa duniani kutomruhusu mtu kuendesha ndani ya eneo la mgodi kwa leseni ya serikali peke yake. Hufundishwa, hupimwa tena, akapewa kibali cha ndani. Ikiwa kibali hicho chafaa ndani ya ua, husema wao, mbona kisifae nje, ambako ndiko watoto waliko?

HOJA ZA WANAOPINGA

Wanaopinga nao wana haki ya kusikilizwa. Kwanza, husema kwamba neno fowili halina mpaka. Toyota Noah na Probox, ambazo watu wengi huziona kuwa magari ya kawaida, ziko zenye fowili na zisizo nayo. RAV4, ambayo wengi huiona kuwa fowili, iko inayosukumwa na magurudumu mawili tu. Pikapu vivyo hivyo. Askari wa barabarani angehitaji kulala chini ya kila gari atazame kama lina shafti ya mbele.

Pili, hatari nilizozieleza hazitokani na fowili yenyewe. Gari hupinduka kwa sababu ni refu na limepakiwa vibaya. Mtoto hafichwi na shafti, bali na boneti. Pikapu refu lisilo na fowili lina hatari hizo hizo, na Noah fupi yenye fowili haina nyingi katika hizo.

Tatu, hulisema lile la gharama. Katika vijiji vilivyo mbali na mji, gari lenye fowili mara nyingi ni moja tu au mawili, na madereva wake ni wachache. Leseni ya pekee ingewapasa kusafiri mjini, kulipa, kungoja na kurudi. Kama dereva mwenye leseni hiyo ni mgonjwa au yuko safarini, nani atamchukua mama mjamzito usiku wa mvua? Sheria nzuri haiwezi kuliacha swali hilo bila jibu.

Nne, hukumbusha kwamba ujuzi ni wa mtu wala si wa gari. Mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki yalianza mwaka 1953, nayo yalipita katika matope na mawe ya nchi zetu. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, na Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania akashinda mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Magari hayo yalisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu. Gari la fowili halikushinda mpaka mwaka 1987, miaka 34 baada ya mashindano kuanza. Katika miaka yote hiyo tope lilishindwa na madereva waliojua kulisoma.

NCHI NYINGINE ZIMEFANYAJE?

Katika Australia, ambako magari haya ni mengi, hoja ya leseni ya pekee ilizungumzwa sana katika miaka ya mwanzo ya 2000. Uingereza hugawa leseni kwa uzito, na mwenye leseni ya kawaida ya gari huweza kuendesha gari la mpaka kilo 3,500, liwe fowili au lisiwe.

Marekani ilishika njia nyingine. Mwezi Agosti mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliyaita matairi yake yapatayo milioni 6.5 yarudishwe, baada ya ajali nyingi ambazo matairi yalipasuka na magari yakapinduka, hasa magari marefu ya Ford Explorer. Watu zaidi ya 200 walikufa katika ajali hizo. Mwaka huo huo Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria mpya juu ya taarifa za kasoro za magari na matairi. Baadaye ikaamriwa kwamba magari yote madogo mapya, kuanzia yale ya mwaka 2012, yawe na mtambo unaosaidia kulizuia gari lisipoteze mwelekeo. Yaani walirekebisha gari na tairi, wala hawakubuni daraja jipya la leseni. Lakini sisi hutumia magari mengi yaliyotumika kwanza nje, na mengi katika hayo ni ya zamani kuliko amri hizo. Kwa hiyo hatuwezi kuuachia mtambo kazi ya dereva.

MAONI YANGU

Nimezipima hoja hizi, na jibu langu ni kwamba leseni ya pekee kwa wenye magari ya fowili haifai, lakini kuyaacha mambo kama yalivyo pia haifai.

Haifai kwanza kwa sababu ya neno "wenye". Mwenye gari na dereva si mtu mmoja siku zote. Magari mengi ya fowili tunayoyaona hapa ni mali ya kampuni, ya halmashauri, ya hifadhi, ya hospitali. Mwenye gari ni ofisi, na ofisi haishiki usukani. Kumpa leseni mwenye mali ni kumpima asiyeendesha na kumwacha anayeendesha. Tena leseni isiyokuwa na mafunzo nyuma yake ni karatasi tu, na karatasi haimzuii mtu kuteleza.

Nionavyo mimi, mambo matatu yangefaa zaidi. La kwanza, habari za magari marefu na za njia mbaya zifundishwe na kuulizwa katika mtihani wa kila mtu anayetaka leseni ya daraja B au D, apate gari la namna yoyote. Umbali wa kusimama, kupakia, kuvuka maji, na sehemu zisizoonekana mbele na nyuma ya gari yatosha kuwa somo la siku chache, na vyuo vya VETA, ambavyo hufundisha udereva, vingeweza kulibeba.

La pili, mtu anayeajiri dereva wa gari la namna hiyo awajibike. Asimpe ufunguo kabla ya kumwona akishuka kilima kwa gia ndogo na akirudi nyuma kwa uangalifu, na aandike katika kitabu kwamba amemwona. Mgodi hufanya hivyo ndani ya ua wake. Shule, zahanati na mfanyabiashara waweza kufanya vivyo hivyo kwa kadiri yao, bila gharama ya safari. Na mwenye gari asijitoe, maana matairi yaliyokwisha na mzigo uliopita kiasi ni makosa yake kabla hayajawa ya dereva.

La tatu, mwendo. Sheria yetu huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kikomo ni hicho hicho. Dereva anayejizuia hifadhini kwa ajili ya pundamilia hana udhuru wa kutojizuia mbele ya shule.

Kwa upande wetu sisi tunaotembea, yako mambo ya kufanya bila kungoja sheria yoyote. Wanafunzi watembee upande wa kulia wa barabara, wakiyatazama magari yanayowajia. Wasipite karibu na pua ya gari refu lililosimama, wala nyuma yake, kabla ya kuonana macho na dereva. Wasiwaache wadogo zao wachezee chini ya pikapu lililoegeshwa nyumbani. Na mvua ikinyesha wakae mbali na njia kuliko siku zote, wakikumbuka zile mita 47 na mita 106, kwa kuwa dereva anayewajia katika tope huenda hajui kwamba breki za gari lake hazina nguvu kama injini yake.